Jina la Nne na Jina la Kumi na Nne

Tarehe 29 Januari 1649, mjini London, ngozi iliyobeba amri ya kumkata kichwa Mfalme Charles I ilikamilishwa kwa saini na mihuri ya wanaume 59. Jina la tatu ni la Oliver Cromwell, na huyo ndiye anayekumbukwa na vitabu vya shule. Mimi husimama kwenye jina la nne na la kumi na nne. La nne ni la Edward Whalley, kanali wa wapanda farasi. La kumi na nne ni la William Goffe, ofisa wa askari wa miguu. Whalley alikuwa baba mkwe wa Goffe. Mke wa Goffe, Frances, alikuwa binti yake wa kumzaa. Cromwell naye alikuwa mtoto wa mjomba wa Whalley. Ukiisoma hivyo, hati ile haikuwa kazi ya Bunge na jeshi peke yake. Kulikuwa na ukoo ndani yake.

Frances hakusaini kitu, wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliulizwa. Hata hivyo, kila ninapojiuliza tendo la siku ile lilikuwa na maana gani, nafika kwake, na nikiisha kufika kwake siwezi tena kulizungumza tendo lile kwa ufasaha wa wanasiasa na wanasheria.

Goffe alizaliwa katika nyumba ya kasisi. Baba yake, Stephen, alikuwa na usharika wa Stanmer, katika jimbo la Sussex, naye alikuwa Mpuritani thabiti. Wanawe walisikia mahubiri yaleyale utotoni, kisha kila mmoja akashika njia yake. Stephen, mwenye jina la baba, aliingia utumishi wa mfalme, baadaye akageuka kuwa padri Mkatoliki na kumhudumia Malkia Henrietta Maria, mke wa Charles. John akawa kasisi wa Kanisa la Uingereza. William alipelekwa London kujifunza kazi kwa mfanyabiashara wa chumvi, na vita kati ya mfalme na Bunge vilipozuka mwaka 1642 akachagua Bunge. Nyumba moja, basi, ilimtoa padri wa mjane na mmoja wa wale waliomfanya awe mjane. Wanaodhani mtu anaelezeka kikamilifu kwa malezi yake waitazame familia hii kwa makini kabla ya kuendelea na hoja yao.

Habari ya Whalley inanitatiza zaidi. Mwaka 1647 mfalme alikuwa mateka wa jeshi katika jumba la Hampton Court, na Whalley ndiye aliyekuwa mlinzi wake mkuu. Usiku wa 11 Novemba mfalme alitoroka. Alimwachia Whalley barua ya kumshukuru kwa uungwana wake. Ndani yake alimwomba picha kadhaa zirudishwe kwa wenyewe, na mwishoni, kama mtu aliyekuwa karibu kusahau, akamwomba ampelekee Duke wa Richmond jike la mbwa mweusi. Mfungwa hamwachii mlinzi wake kazi ya namna hiyo asipomwona ni mtu wa kuaminika. Miezi kumi na minne baadaye mtu huyohuyo wa kuaminika alitia saini ya kumuua. Sisemi alikuwa mnafiki. Nadhani uungwana wake ulikuwa wa kweli na saini yake ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana habari hii ni nzito: tumezoea kumtafuta muuaji kwa uso wa ukatili, na uso huo hapa haupo.

Kilichotokea katikati ni vita vya pili. Mwishoni mwa Aprili 1648, maofisa wa jeshi walikusanyika Windsor kwa siku kadhaa za sala. Walikuwa wamechoka, nchi ilikuwa inawaka upya, nao walitaka kujua wamemkosea Mungu wapi. Mmoja wao aliyekuwapo, William Allen, aliandika baadaye yaliyojiri. Goffe alisimama akafafanua aya ya sura ya kwanza ya Mithali, inayowaita watu wageuke wasikie karipio, na watu wakalia hata wakashindwa kusema. Walipoinuka walikuwa wameazimia kwamba, Mungu akiwajalia kurudi na amani, watamwita Charles Stuart, mtu wa damu, ajibu kwa damu iliyomwagika.

Naomba tukae kidogo hapa, maana hapa ndipo penye kiini. Machozi ya Windsor hayakuwa ya kuigiza. Wanaume hawa walikuwa wamezika wenzao. Waliamini kwamba Mungu huzungumza kwa matukio, na kwamba ushindi wa vita ni hukumu yake iliyo wazi kuliko ya mahakama yoyote ya wanadamu. Jeshi lao lilipolishinda jeshi la mfalme kwa mara ya pili mwaka huo, walisoma ushindi ule kama waraka uliotiwa muhuri mbinguni. Kwa imani hiyo kesi ilifunguliwa Westminster tarehe 20 Januari 1649, na kwa imani hiyo Goffe alishika kalamu. Hakuona anaua mfalme. Aliona anatekeleza hukumu ambayo uwanja wa vita ulikwisha kuitoa.

Imani ya namna hii humpa mtu nguvu ya ajabu, na sisi wa leo tusiicheke, kwa sababu bado tunaitumia. Tunasema fulani kafanikiwa, Mungu yuko naye. Fulani kaanguka, lipo alilolifanya. Ila anayejenga maana ya maisha yake juu ya ushindi amekubali, bila kujua, kwamba siku akishindwa maana hiyo itamgeukia. Ushindi ukiwa ni sauti ya Mungu, kushindwa ni nini? Goffe alipewa karibu miaka ishirini ya kulijibu swali hilo akiwa amefungiwa ndani ya nyumba za watu.

Lakini kabla ya kumfuata huko, haki inadai tutazame na familia ya pili. Siku ileile ya tarehe 29 mfalme aliruhusiwa kuwaaga watoto wake wawili waliokuwa mikononi mwa Bunge. Elizabeth alikuwa na miaka 13, Henry miaka 8. Baba alimpakata mdogo na kumweleza kwa maneno ambayo mtoto angeyaelewa kwamba watamkata kichwa, na kwamba asikubali kufanywa mfalme wakati kaka zake wangali hai. Elizabeth alilia sana. Alifariki mwaka uliofuata akiwa bado kizuizini, kwenye ngome ya Carisbrooke, na miaka 14 tu. Yeyote anayetaka kuwahurumia watoto wa Goffe, kama ninavyotaka mimi, lazima kwanza amhurumie mtoto huyu, asiyehusika na kodi ya baba yake, wala vita vyake, wala kiburi chake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda. Huko Dunbar, Scotland, Septemba 1650, Goffe aliongoza kikosi cha Cromwell kikapambana kwa mikuki, na Cromwell akamtaja kwa sifa. Mwaka 1655 nchi ilipogawanywa chini ya mameja jenerali, Goffe alipewa Sussex, Hampshire na Berkshire. Whalley akapewa majimbo ya kati, Nottingham na Lincoln yakiwemo. Mtoto wa kasisi wa Stanmer akarudi Sussex akiwa mtawala wake. Kisha Cromwell akafa mwaka 1658, mwanawe akashindwa kuushika utawala, jeshi likagawanyika, na masika ya mwaka 1660 nchi ikamwita nyumbani Charles II, mtoto wa aliyekatwa.

Sheria ya msamaha ilipitishwa Agosti 1660. Wengi walisamehewa, waliomhukumu mfalme walitengwa, isipokuwa wachache waliopata njia ya kujiokoa. Mmoja wa wachache hao ni Richard Ingoldsby, naye pia jamaa wa Cromwell. Alidai kwamba saini yake haikuwa yake: Cromwell alimkamata mkono kwa nguvu na kuuongoza kwenye ngozi. Saini yenyewe imeandikwa vizuri, haina dalili ya mkono ulioshurutishwa, ila alikuwa ameutumikia utawala mpya katika siku za mwisho, akaaminiwa, akasamehewa, na mwaka 1661 akapewa heshima na mfalme mpya.

Simhukumu Ingoldsby kwa haraka. Alikuwa na familia, na mtu mwenye watoto anaweza kusema mengi ili aishi. Lakini alichokinunua ni uhai, na bei yake ilikuwa kuliondoa tendo lake mikononi mwake mwenyewe, likabaki tendo la mtu mwingine aliyekwisha kufa. Goffe na Whalley hawakuitaka njia hiyo. Mei 1660, kabla ya milango kufungwa, walipanda meli kwenda Amerika, wakashuka Boston tarehe 27 Julai. Walisafiri kwa majina ya bandia, na majina hayo yana jambo la kugusa: Whalley, ambaye baba yake aliitwa Richard, alijiita Richardson, Goffe, mwana wa Stephen, alijiita Stephenson. Walipohitaji kujificha, walijificha nyuma ya baba zao.

Frances alibaki Uingereza na watoto.

Walioshindwa kukimbia hawakungoja sana. Oktoba ya mwaka ule Meja Jenerali Thomas Harrison alinyongwa Charing Cross, akakatwa angali na uhai, akagawanywa vipande, na wengine wakafuata siku zilizofuata. Januari 1661 maiti ya Cromwell ilifukuliwa ikatundikwa Tyburn. Mwaka 1662 John Okey na wenzake wawili walikamatwa Delft, Uholanzi, kwa hila ya George Downing, balozi wa mfalme, ambaye zamani alikuwa kasisi katika kikosi cha Okey huyohuyo. Mwaka 1664 John Lisle alipigwa risasi Lausanne, Uswisi. Mali za waliohukumiwa zilitwaliwa na serikali. Kwa hiyo Frances alipokuwa akiishi kwa muda kwa shangazi yake Jane, dada wa Whalley aliyeolewa na mchungaji William Hooke, hakuwa mjane, wala hakuwa mke mwenye mume wa kumtaja, wala hakuwa na urithi. Na kila tangazo la kifo cha mmoja wa watu hao lilikuwa habari kuhusu mumewe na baba yake.

Huko New England mambo yalianza kwa heshima. Gavana Endecott aliwapokea, watu wa Cambridge wakawakaribisha, wakaketi nao ibadani. Kisha habari za kutengwa kwao zikafika, na dau la pauni 100 kwa kila kichwa. Februari 1661 waliondoka kuelekea New Haven, ambako mchungaji John Davenport alikwisha kuwaandaa watu wake kwa mahubiri kutoka Isaya, pale nabii anapowataka watu wawafiche waliofukuzwa na wasimsaliti mkimbizi. Mei wakaja wawindaji wawili, Thomas Kellond na Thomas Kirke, wakiwa na waraka wa mfalme. Kaimu gavana William Leete aliwapokea Guilford siku ya Jumamosi, akausoma waraka kwa sauti mbele ya watu, akakawia, akakumbusha kwamba kesho ni Sabato. Kufikia Jumatatu, wakimbizi walikuwa msituni.

Waliishi wiki kadhaa kwenye magenge ya mlima uitwao West Rock, penye mawe makubwa yaliyoegemeana. Wenyeji husimulia kwamba mkulima wa jirani, Richard Sperry, alimtuma mtoto na chakula akakiache juu ya kisiki bila kujua ni cha nani. Kama ni kweli, mtoto yule alikuwa akibeba kosa la kunyongewa ndani ya kikapu. Waliposikia kwamba Davenport atapata taabu kwa ajili yao, walitoka mafichoni wakajionyesha mjini, wakamjulisha Leete kwamba wako tayari kujisalimisha ili mtu mwingine asiumie. Marafiki wakawazuia.

Katika maisha yote ya Goffe, hapa ndipo ninapomheshimu kuliko popote. Alipotia saini ya kumuua mfalme alikuwa na jeshi nyuma yake, na Mungu, kwa jinsi alivyoamini, alikuwa juu yake. Siku ile ya Juni 1661 hakuwa na kitu nyuma yake. Hakuna ushindi uliomwambia afanye hivyo. Alitazama tu mzee wa watu aliyempa chumba, akaona kwamba si haki alipie deni lisilo lake. Kama angekuwa amejifunza kuwatazama watu hivyo mwaka 1649, sijui kama angesaini. Labda angesaini vilevile, kwa kuwa mfalme naye alikuwa amewatia watu wengi makaburini. Lakini swali la nani atakayeumia kwa tendo langu, ambalo huko Windsor lilifunikwa na machozi ya pamoja, hapa lilimjia akiwa ametulia na akalijibu kwa mwili wake.

Kisha wakafungiwa. Milford, katika nyumba ya Micah Tomkins, walikaa karibu miaka miwili bila hata kutoka kwenye bustani ya miti. Oktoba 1664, mfalme alipotuma makamishna na meli za kivita upande ule wa bahari, walisafiri usiku kwa usiku hadi Hadley, kijiji cha mpakani kwenye Mto Connecticut, na mchungaji John Russell akawaweka nyumbani kwake. Familia ya Russell iliishi na siri hiyo zaidi ya miaka kumi. Watoto walikua wakijua kuna sauti ndani ya nyumba zisizotajwa nje.

Barua zilipita. Wachungaji walizipokea Boston na kuzipeleka, Increase Mather akiwa mmoja wao. Mwanzoni Frances aliandika kama mke. Katika moja ya barua zake anamwambia mumewe kwamba kusikia habari zake ni faraja isiyosemeka, kisha anamwomba asiandike mara nyingi, kwa hofu ya lililo baya zaidi, kwani wapelelezi walikuwa macho. Nimeisoma sehemu hiyo mara kadhaa na kila mara huniuma. Mwanamke anayeishi kwa barua anaomba barua zipungue.

Baadaye hata hali yake ya kuwa mke ilibidi ifichwe. William Goffe akawa Walter Goldsmith, na Frances akawa Frances Goldsmith, mama yake. Aliandika kwa mumewe kama mama kwa mwanawe. Naye akajibu kama mtoto mtiifu aliyeko ng'ambo. Fikiria hesabu ya ukoo huo: mke akiwa mama, mabinti ni nani? Na yule mzee aliye chumbani na Goffe, baba mzazi wa Frances, aitwe nani? Aliitwa rafiki wa zamani, Bwana R. Binti alipotaka kujua kama baba yake bado anapumua, ilimbidi aulize habari za rafiki. Tendo ambalo Goffe alilifanya kwa jina lake kamili, kwa wino na muhuri, lilimnyang'anya mkewe kila jina alilokuwa nalo, moja baada ya jingine.

Kuna wanaosema hiyo ndiyo gharama ya misimamo mikubwa. Silikubali neno hilo kwa Frances. Gharama hulipwa na aliyeiona bei akakubali. Yeye alitozwa.

Wakati huo Goffe alikuwa akiandika shajara. Mwaka 1764 naibu gavana Thomas Hutchinson, mwanahistoria wa Massachusetts, alieleza katika kitabu chake baadhi ya yaliyomo. Mwaka uliofuata ghasia za kodi ya stempu zililikuta jumba lake Boston, karatasi zake zikatupwa tope la barabarani, na shajara haikuonekana tena. Kwa hiyo tunayajua mambo machache tu kutoka humo. Moja ni hili: wazee wale wawili walikuwa wakiungoja mwaka 1666. Wengi wa kizazi chao walisoma tarakimu hizo kwa hofu na matumaini, kwa sababu ya hesabu ya mnyama katika Ufunuo. Waliamini Mungu angezungumza tena, na safari hii kwa upande wao. London iliteketea kwa moto mwaka huo, lakini kiti cha mfalme hakikutikisika. Mwaka ukaisha. Walihuzunika, kisha wakajifariji kwamba pengine kalenda ya Kikristo ilikosewa hesabu, na mwaka wenyewe haujafika.

Wapo watakaoona hapo ukaidi wa kusikitisha. Mimi naona watu waliofungiwa ndani ya namna moja ya kuuelewa ulimwengu, iliyo ngumu kutoka kuliko nyumba ya Russell. Wangeachaje kusoma matukio kama barua za Mungu? Kukubali kwamba matukio hayasemi kitu kungekuwa kukubali kwamba hata ushindi wa 1648 haukusema kitu, na kwamba basi walimkata mtu kichwa kwa kusoma ukurasa mtupu. Hakuna anayelifikia wazo hilo kwa urahisi akiwa hana mke karibu, hana watoto, hana kazi, na usiku ni mrefu. Bora kalenda iwe na kosa.

Ila maisha yaliendelea kumpa Goffe kazi nyingine, isiyohitaji tafsiri. Whalley alizeeka, akapatwa na ugonjwa uliomwondolea nguvu na akili. Agosti 1674 Goffe alimwandikia "mama" yake habari za rafiki yule wa zamani. Kumbukumbu zake, anasema, na ufahamu na usemi vimepungua mno. Hajali sana linalofanywa au kusemwa mbele yake. Anavumilia yote na halalamiki, ingawa kuna barua ya ndugu aliyoingoja muda mrefu bila kuipata. Hawezi kuvaa wala kuvua nguo wala kula bila msaada. Akiulizwa hali, mara nyingi hujibu kwa sauti ndogo kwamba ni njema sana, na kumsifu Mungu.

Katika jamii zetu nyingi, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Kuna mila zinazokataza mtu kula mbele ya baba mkwe wake, sembuse kumvua nguo. Waingereza wa wakati ule hawakuwa na mwiko wa namna hiyo, lakini msomaji wa huku ataelewa haraka zaidi ukubwa wa jambo hili: meja jenerali aliyetawala majimbo matatu alikuwa akimlisha kijiko kwa kijiko baba wa mkewe, katika chumba ambacho dirisha lake halikupaswa kufunguliwa ovyo. Alifanya kazi ambayo Frances, kama si saini zile mbili, angeifanya mwenyewe. Na aliandika kwa undani mkubwa, mambo ya nguo na sauti na chakula, kwa sababu alijua anayesoma ni binti na alitaka awepo pale kitandani kwa njia pekee iliyobaki. Whalley alifariki muda si mrefu baada ya barua hiyo.

Kama Goffe angeulizwa maana ya maisha yake iko wapi, naamini angeitaja ngozi ya 1649. Hakuna palipoonyesha kwamba aliwahi kuikana. Wanaume wa aina yake huona maisha yao katika tendo moja kubwa na kuyapima mengine yote kwa hilo. Lakini tendo kubwa halikukaa mahali alipoliweka. Cromwell alilifanya ngazi ya utawala wake. Wafuasi wa Charles waliligeuza kuwa kifo cha shahidi, na kanisa lao likamkumbuka kila tarehe 30 Januari kwa karibu karne mbili. Wamarekani, karne moja baadaye, walilihitaji kwa ugomvi wao na mfalme mwingine. Hata Goffe mwenyewe alitengenezwa upya: Hutchinson alisimulia kwamba Wahindi Wekundu walipokishambulia kijiji cha Hadley wakati wa vita vya 1675, mzee mwenye mvi alitokea ghafla, akawapanga wanakijiji kama jenerali, akawaokoa, kisha akatoweka wasijue ni mtu au malaika. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka hadithi hiyo. Imependwa hata hivyo, na naelewa kwa nini: inampa mkimbizi siku moja ya ushindi zaidi, sarafu ileile aliyoizoea. Leo New Haven ina barabara za Whalley, Goffe na mkimbizi mwenzao Dixwell zinazokutana, na magari hupita.

Kilichokaa mahali pake ni yale yaliyofanywa kwa mtu mmoja aliyekuwa na jina na mwili. Mzee aliyelishwa alilishwa. Hakuna utawala unaoweza kulipindua hilo kuwa kitu kingine, wala kalenda inayoweza kulikosea hesabu. Sisemi kwamba kijiko kinafuta shoka. Mtoto Elizabeth hafufuki kwa sababu muuaji wa baba yake alimtunza mkwewe vizuri. Nasema tu kwamba Goffe alitafuta maana alikoambiwa na ushindi, nayo ikachukuliwa na kila mpita njia, na wakati huohuo alikuwa akiifanya nyingine kwa mikono yake, kila asubuhi, bila kuipa jina.

Mwaka 1676 alihamia Hartford. Barua yake ya mwisho inayojulikana, kwa Increase Mather, ni ya Aprili 1679, na bado anaulizia kama kuna lolote kutoka kwa wapendwa wake.

Mwenzao wa tatu, John Dixwell, aliyesaini pia, aliishi waziwazi New Haven kwa jina la James Davids, na watu wa mfalme hawakuwahi kujua kwamba yuko Amerika. Alioa huko, akapata watoto, akafa kitandani mwake Machi 1689, wakati mfalme wa mwisho wa ukoo wa Stuart aliyewatisha alikuwa amekwisha kukimbia London. Kwenye jiwe la kaburi lake jina liliwekwa kwa herufi mbili tu, lakini watoto wake walichukua tena jina la Dixwell wakalitumia mchana. Frances hakupata hilo. Alichoacha ni barua, zilizohifadhiwa kati ya karatasi za akina Mather na kuchapishwa mwaka 1868, nazo zinaonyesha mwanamke mwenye akili kali na imani ileile ya mumewe. Tusimfanye mhanga asiye na mawazo. Aliijua sheria. Alijua kwamba barua moja ikikamatwa bandarini ingetosha kuwapeleka mumewe na baba yake Charing Cross, na ndiyo maana aliomba ziwe chache. Hakuomba zikome.